Bwawa Lisilokuwa na Mamba

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukilaumu kiti cha baiskeli.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameanza, nami nilikuwa nimeendesha baiskeli kutoka Voi hadi Maktau na kurudi. Karibu na Mwatate nilisimama nyuma ya mkonge kujisaidia. Mkojo ulianza kama kawaida, lakini matone ya mwisho yalikuwa mekundu, kama maji yaliyooshewa nyama. Nilitazama huku na huku kuona kama kuna mtu. Kisha nikafukia mahali pale kwa mguu, kama paka, nikapanda baiskeli nikaenda zangu. Jioni niliandika katika daftari langu la mazoezi: "Kiti ni kigumu. Tafuta sponji."

Katika miezi mitano iliyofuata nilibadilisha kiti mara nne. Nilifunga sponji, nikafunga ngozi ya mbuzi, nikashusha kiti, nikakipandisha. Kila badiliko nililiandika na tarehe yake. Ninayaandika haya sasa kwa ajili ya mtu yeyote ambaye ameona kitu kama nilichokiona mimi, akakifukia, akaendelea na safari.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani mdogo hapa Voi, nikiishi kwa dada yangu mkubwa, Mghoi, na mume wake. Mimi ni mtu wa kupanga. Penseli zangu kazini zilikuwa zimechongwa zote urefu mmoja, na nikikosea herufi moja katika barua niliandika ukurasa mzima upya. Utotoni, kule kwetu juu Wundanyi, nilikuwa mtoto wa kukohoa. Shuleni, wenzangu wakikimbia, mimi nilipewa kazi ya kushika mashati yao. Kwa hiyo mwalimu mmoja wa michezo alipotangaza kwamba ataandaa mashindano ya mambo matatu kwa siku moja, kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, jambo ambalo alikuwa amelisoma katika gazeti la ng'ambo, nilijiandikisha siku ile ile. Njia ilikuwa hivi: kuogelea katika bwawa la zamani la shamba moja la mkonge, baiskeli hadi Maktau na kurudi mpaka Mwatate, kisha kukimbia kupanda mlima hadi uwanja wa Wundanyi. Sikutaka kushinda. Nilitaka kufika uwanja ule kwa nguvu zangu, mbele ya watu waliowahi kunipa mashati yao. Hilo tu ndilo nililokuwa nikilitaka, na nililitaka kupita kiasi.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Kilonzo, Mkamba aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na soko la Voi. Ndiye aliyeng'oa keria na madigadi kwenye baiskeli yangu nyeusi ili iwe nyepesi. Hakuna kati yetu aliyejua kuogelea. Mito ya kwetu milimani ni baridi na inafika magotini. Kwao Kilonzo mto huja mara mbili kwa mwaka, na ukija watu huukimbia. Niliazima kitabu chenye picha, tukajifunza kwanza juu ya benchi la kibanda chake, tumelala kifudifudi tukipiga hewa kwa mikono, wateja wakisimama kutazama.

"Kilonzo, hao samaki wako ni wa kuuza?" mama mmoja wa mboga alimuuliza.

"Huyu mmoja amekonda," Kilonzo akajibu bila kuinua kichwa. "Nitakupunguzia."

Kabla ya kuingia bwawani tulilikagua kwa siku tatu. Kilonzo alifunga matumbo ya mbuzi kwenye kamba, akayatupa katikati, tukakaa juu ya ukingo tukingoja. Hakuna kilichoyagusa. Nilitembea kuzunguka maji yote nikitafuta alama za kucha na tumbo kwenye matope. Niliandika: "Hakuna mamba. Salama." Nilipiga mstari chini ya neno "salama" kwa rula.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu, yametulia, yenye matete pembeni. Kwenye matete kulikuwa na konokono wadogo kama vifungo vya shati. Tulivibandua vile vidude kwenye miguu yetu na kuvitupa. Baada ya kuogelea tuliwashwa na ngozi kwa saa nzima, na vipele vikatutoka. Lakini kila mtu wa upande huu anajua mkonge unavyowasha. Utomvu wake ukikugusa, utajikuna hadi jioni. Nasi tulipita katikati ya mkonge kwenda na kurudi. Tukasema ni mkonge. Tukaanza kuvaa suruali ndefu za kupitia shambani, na tukifika tunazivua na kuingia majini.

Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa mwangalifu kwa bidii zote na bado akakosea.

Mei na Juni damu ilikuja baada ya mazoezi marefu tu. Kufikia Julai, baridi ya kipupwe ilipoingia, ilikuja kila siku, na kukojoa kuliunguza. Niliamka mara nyingi usiku. Mbio zangu zilikuwa zimepungua kasi, na daftari lilinionyesha wazi, kwa hiyo nikaongeza mazoezi. Nilikimbia kwenda Miasenyi nikirudi nikiyumba barabarani kama mlevi, malori yakinipigia honi. Nilipungua uzito. Kucha zangu zikawa nyeupe. Watu walinisifu kwamba sasa nina mwili wa mwanariadha.

Sikumwambia mtu, na sababu ni moja tu: niliona haya. Nilijua watu husema nini juu ya kijana asiyeoa anayeumwa sehemu hiyo. Nilikuwa sijawahi kulala na mwanamke, lakini ni nani angeniamini? Niliona pia kwamba Kilonzo alikuwa ameanza kwenda mbali sana kujisaidia, safu ishirini za mkonge kutoka nilipo. Nilidhani ana heshima.

Aliyegundua ni dada Mghoi, siku ya kufua.

"Hii ni nini?" aliniuliza, ameshika bukta yangu kwa vidole viwili.

"Kutu ya baiskeli."

"Kutu ya baiskeli imeingiaje ndani ya nguo ya ndani?"

Nikanyoosha mkono kuichukua; hakuiachia.

"Mwadime, mimi nimeolewa miaka tisa. Wanaume nawajua. Umeokota ugonjwa wa wanawake, na unakuja kuuleta kwenye karai ninaloogeshea watoto wangu."

Nilisema si kweli. Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba hata mimi nisingejiamini. Tangu siku hiyo nilikuwa na karai langu, sahani yangu na kikombe changu. Taulo langu lilihamishwa kwenye msumari wa nje, chini ya upenu. Shemeji aliacha kunisalimia kwa mkono. Niliishi hivyo kwa wiki tatu, nikila peke yangu, na bado kila jioni nilikwenda bwawani. Ukiniuliza leo ni wakati gani ulikuwa mbaya kuliko wote, sitataja sindano wala maumivu. Nitataja msumari ule wa nje.

Kisha Mama akashuka kutoka Wundanyi. Dada alikuwa amempelekea habari. Alifika asubuhi na mkungu wa ndizi na kabichi mbili, akaviweka jikoni, akaja kukaa kitandani kwangu. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Mama, umekuja kwa arusi ya nani?"

"Nimekuja kukupeleka hospitali. Nimevaa viatu kabisa, ili usinicheleweshe."

"Nina kazi leo."

"Nimepitia kwa mkubwa wako. Nimemwambia unaharisha."

"Mama!"

"Ulitaka nimwambie nini? Nilijua unachoumwa?"

Kwenye hospitali walitutaka twende na mkojo katika chupa. Nilitumia chupa ya dawa ya kikohozi, nikaiosha mara tatu, nikaikausha, nikaizungushia gazeti. Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi manne, na ulikuwa ukisogea kwa makalio kila mgonjwa wa mbele akiitwa. Tulikuwa tumesogea nusu ya benchi la pili nilipoinua macho nikamwona Kilonzo kwenye benchi la kwanza. Juu ya mapaja yake kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Kilonzo."

"Mwadime."

"Umekuja kufanya nini?"

"Jino," akasema, akashika shavu.

Mama aliutazama mzigo wake wa gazeti, akautazama wangu.

"Jino lako linakaa kwenye chupa, mwanangu?"

Kilonzo alicheka mpaka akalia. Nasema akalia kwa maana ya kulia. Alihamia benchi letu, akipoteza nafasi yake kwenye mstari, akakaa upande wa pili wa Mama. Damu alikuwa ameiona tangu Machi, mwezi mmoja kabla yangu. Alidhani ni mizizi aliyokunywa ya kuongeza nguvu. Miezi yote ile tuliogelea bega kwa bega, kila mmoja akifukia ya kwake peke yake.

Sista aliyetupokea kwenye maabara alikuwa mama mnene wa Taveta, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliinua chupa zetu mbili kwenye mwanga wa dirisha, akazirudisha mezani.

"Mnaogelea wapi?"

"Nani amekwambia tunaogelea?" nikauliza.

"Hizi hapa zimeniambia. Hiki ni kichocho. Lazima waangalie mayai ya minyoo kwa darubini, lakini mimi sihitaji darubini. Kwetu Taveta mtoto wa darasa la pili anakijua. Ninyi watu wa juu, mkishuka huku chini, mnaogopa mamba tu."

"Tulikagua mamba kwa siku tatu," Kilonzo akasema.

"Na konokono wanaobeba minyoo hiyo, mliwakagua?"

Kilonzo akaitazama miguu yake.

"Kwa hivyo si ugonjwa wa wanawake?" Mama akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, polepole, ili sista asikosee.

"Wanawake wangapi wanakaa bwawani, mama? Mwanao ameambukizwa na maji."

Mama alitoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama karibu na bomba akijipangusa uso kwa ncha ya leso. Aliporudi alinipiga kofi dogo la mgongo, akakaa. Jioni ile, nyumbani, dada Mghoi alisikiliza maelezo yote ya Mama bila kuniangalia. Hakuomba msamaha, na wala sikutarajia. Lakini nilipotoka kunawa, taulo langu lilikuwa ndani, kwenye msumari mmoja na mataulo ya watoto wake. Nikanawa, nikajifuta nalo, nikalirudisha pale pale.

Dawa ilikuwa vidonge, mara tatu, kila mara ikitenganishwa kwa wiki mbili. Dozi ya kwanza niliimeza mwishoni mwa Septemba, upepo mkavu ukivuma na vumbi la Voi likiingia hadi kwenye chai. Tumbo lilinisokota, kichwa kikazunguka, nikalala kutwa nzima. Kilonzo aliimeza akarudi kibandani kutengeneza cheni, akaanguka juu ya baiskeli ya mteja. Dozi ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Siku ya dozi ya tatu mawingu ya vuli yalikuwa yameziba vilima, na nilipotoka hospitali manyunyu yalikuwa yameanza.

Kilonzo alipona upesi. Mimi daktari alinibonyeza ubavu wa kushoto, akanibonyeza tena, akaniandikia barua ya kwenda kupigwa picha hospitali kubwa ya Mombasa. Nilikwenda kwa treni na Mama. Tulikaa katika korido moja ndefu siku nzima, tukila mayai ya kuchemsha aliyoyabeba. Walinidunga dawa mkononi, na joto likanipanda mwili mzima mpaka nikadhani nimejikojolea, kisha wakaniambia nisipumue. Daktari wa Mombasa aliiinua picha, akanionyesha kwa kalamu. Figo ya kulia ilikuwa kama figo. Ya kushoto ilikuwa imevimba kwa sababu njia ya kutolea mkojo imekuwa nyembamba.

"Dawa uliyomeza itaua wadudu," akasema. "Njia hii inaweza kupanuka polepole. Lakini ukirudi kwenye maji yale ukaambukizwa upya, hii utaipoteza. Umenielewa?"

"Kuna mashindano mwezi wa Desemba."

"Sikukuuliza habari za mashindano."

Nadhani msomaji ameshaona nililokuwa bado sitaki kuliona. Mashindano yangeanzia katika bwawa lile. Walikuwa wamejiandikisha watu zaidi ya thelathini, wengi wao vijana wa shule, na kwa sababu likizo ilikuwa inakaribia, walikuwa wakienda kufanya mazoezi mle kila Jumamosi. Mimi nilijua. Kilonzo alijua. Ilitubidi tumwambie Mwalimu.

"Ukisema, tumekwisha," Kilonzo aliniambia. "Voi nzima itajua tunakojoa damu. Nani ataniletea baiskeli?"

"Wataleta baiskeli. Hawakuletei mkojo."

"Sema wewe basi. Wewe ndiye unayejua kuandika."

Nilikaa siku tisa bila kusema. Nakiri hapa kwamba si haya peke yake iliyonizuia. Nilijua pia kwamba nikisema, huenda mashindano yangefutwa, na mimi nisifike uwanja wa Wundanyi. Nilipiga hesabu nyingi za kijinga. Niliwaza nipake mafuta mwilini kabla ya kuingia majini. Niliwaza niogelee haraka. Niliandika hotuba, nikaichana, nikaiandika upya kwa sababu ya herufi moja.

Mkutano ulifanyika darasani Jumamosi. Mwalimu, mtu mrefu mwenye filimbi shingoni hata akiwa kanisani, aliuliza kama kuna jambo lingine. Nikasimama. Hotuba niliiacha mfukoni.

"Bwawa lile lina kichocho," nikasema. "Nimekipata mimi. Nimekojoa damu miezi mitano, na figo yangu moja imeharibika."

Sauti ikatoka nyuma.

"Sema tu umeogopa maji!"

Wakacheka. Mwingine akaongeza, "Huyo amekitoa kwingine, anasingizia bwawa!" Wakacheka zaidi. Nikashika dawati. Ndipo kiti kikasogea upande wa kushoto.

"Hata mimi nimekipata," Kilonzo akasema. "Na mimi nina mke, kwa hivyo ukitaka kusema nimekitoa kwingine, njoo umwambie yeye. Yuko nyumbani, anatwanga."

Mwalimu alifunga mkutano bila kuamua. Nilipotoka, vijana wawili wa shule walinifuata mpaka kwenye geti. Mmoja alikuwa akichora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Kaka," akasema, "hiyo damu ni ya mwisho au ya mwanzo?"

"Ya mwisho."

"Yangu ni tangu Agosti."

Nikampeleka kwa sista wa Taveta Jumatatu. Mwisho wa mwezi walikuwa wamefika saba.

Mashindano yaliahirishwa mwaka mzima, mpaka Mwalimu apate maji mengine. Wengi walinilaumu mimi. Vijana wa stendi waliniita jina ambalo sitaliandika, na nikipita waliniuliza kwa sauti, "Karani, leo ni rangi gani?" Mwanzoni nilipita barabara ya nyuma. Baadaye nikaanza kuwajibu: "Leo ni njano, asante. Ya kwako?" Mmoja hakucheka. Wiki iliyofuata nilimwona kwenye benchi la hospitali.

Mwaka ule nilipimwa kila baada ya miezi mitatu. Kiangazi: hakuna mayai. Masika: hakuna. Nilirudishiwa ruhusa ya kukimbia kidogo, kisha zaidi. Picha ya pili ilionyesha figo imepungua uvimbe. Daktari wa Mombasa alikubali nishindane, kwa sharti moja, nalo alilisema akiniangalia machoni.

"Maumivu ya ubavu yakija, unasimama. Sisemi upunguze mwendo. Unasimama, na unamwambia mtu."

Nikamwahidi. Mama alikuwa amekaa pembeni, naye akanifanya nimwahidi tena kwa Kidawida, lugha yetu ya nyumbani.

Desemba iliyofuata tuliogelea katika kidimbwi cha hoteli ya watalii. Meneja alikuwa amekubali kutupa kidimbwi kutoka alfajiri hadi saa mbili. Tuliingia watano watano, tukienda na kurudi. Mke wa Mwalimu alikuwa ameketi ukingoni na bakuli la maharage, akihamisha punje moja kwa kila mzunguko wa kila mtu. Wazungu wawili walikuja na kahawa zao kutazama. Maji yalikuwa ya buluu, na niliweza kuona chini. Nilitoka wa nane, nikavaa shati nikiwa bado nimelowa, nikapanda baiskeli.

Barabara ya Maktau siku hiyo ilikuwa kavu. Vuli ilikuwa imetoa mvua kidogo ikaacha, na changarawe ilikuwa imekaa mawimbi mawimbi, ikitikisa mikono hadi kwenye mabega. Karibu na Bura upepo ulitupiga usoni, na tulilala juu ya usukani kama watu wanaopekua kitu chini. Nilipata pancha moja. Niliiziba kwa dakika ambazo Kilonzo angejivunia, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha. Nilikunywa chupa mbili za maji, na ya tatu ilidondoka mahali fulani sikujua. Kurudi Mwatate jua lilikuwa la utosi. Nilikuwa wa sita.

Niliegemeza baiskeli kwenye mti nikaanza kukimbia. Barabara ya Wundanyi haina huruma. Inapanda, inapinda, inapanda. Lakini kadiri unavyopanda hewa inapoa, na mkonge unabadilika kuwa migomba, na watu wanaanza kuwa wa kwenu. Akina mama waliokuwa wakipalilia walisimama wakanipigia vigelegele. Mzee mmoja alinimwagia kata ya maji kichwani. Nilimpita mtu mmoja, nikawa wa tano. Nilijua kila kona. Nilijua kwamba juu, uwanjani, Mama amesimama na viatu vyake vya kanisani pamoja na watu wa mtaa wetu, na kwamba dada Mghoi amekuja na watoto. Zilikuwa zimebaki kama kilomita nne.

Maumivu yalikuja kwenye kona yenye daraja dogo. Ubavu wa kushoto, nyuma, chini ya mbavu.

Nilisema ni kichomi cha kukimbia. Nikapunguza mwendo. Hayakuondoka. Nikasema nitafika ile migomba, kisha nitaamua. Nikafika migomba, nikasema nitafika lile kanisa. Nilijisikia mwenyewe nikifanya hivyo, kwa sauti ile ile iliyokuwa ikikilaumu kiti. Nilisimama pembeni nikakojoa. Ulitoka kidogo sana, mweusi kama chai ya rangi.

Mguu wangu ulikuwa tayari umesogeza mchanga.

Nikaurudisha mguu. Nikaenda kukaa kwenye jiwe kando ya barabara, mahali ambapo mtu yeyote angeniona. Alipita mmoja, akapita wa pili. Wa tatu alikuwa Kilonzo, ametoa ulimi.

"Inuka, bwana! Umebakisha kidogo!"

"Naumwa ubavu. Na mkojo ni mweusi."

Akasimama. Alinitazama, akatazama barabara ya juu, akanitazama tena.

"Mweusi kiasi gani?"

"Kama chai ya rangi."

"Nikae na wewe?"

"Nenda. Ukifika mwambie Mwalimu alete gari. Mwambie na Mama, lakini mwambie nimekaa, sijaanguka."

"Nimwambie hivyo hivyo? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Akaenda. Hajawahi kukimbia vile maishani mwake. Mimi nilibaki pale juu ya jiwe, na sikuwa shujaa wala nini, nililia. Nilikuwa nikiyaona mabati ya Wundanyi yaking'aa. Wakimbiaji wakaendelea kupita, na kila aliyeniuliza nilimjibu: naumwa ubavu. Baada ya muda gari la Mwalimu likashuka. Mama alikuwa mbele. Alinishika mkono wa kushoto na hakuuachia hadi hospitali.

Nililazwa siku nne, nikiwa na chupa ya maji ikidondoka mshipani. Kichocho hakikuwapo. Nilikuwa nimekaukiwa na maji, na figo ya kushoto ilikuwa imeanza kugoma. Daktari alisema ningeendelea mpaka uwanjani, labda isingerudi tena. Alisema "labda," nami naliandika kama alivyolisema.

Imepita miaka miwili. Figo yangu ya kushoto ni ndogo kuliko ya kulia, lakini inafanya kazi. Nakimbia mara tatu kwa wiki, na mwendo mrefu kuliko wote huniishia Mwatate. Wundanyi bado sijafika kwa miguu, na huenda nisifike. Mabwawa bado yako, akina mama bado wanafua humo, na sista wa Taveta bado ana wagonjwa. Kilichobadilika ni kwamba nikiumwa, nasema siku hiyo hiyo, kwa mtu wa kwanza ninayemwona.